Kwa Nini Jiwe Huelea na Boti Huzama

Kipushi, kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, kuna mawe yanayoelea. Mgodi wake ulifunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, na tangu 2024 unatoa tena zinki. Jiwe likishapondwa hutiwa katika maji yaliyokorogwa na unga laini wa ferosilikoni. Mchanganyiko huo ni mzito kuliko dolomiti, ambayo lita yake ina kilo 2.8 hivi, lakini ni mwepesi kuliko jiwe la zinki, linalokaribia kilo 4. Dolomiti isiyo na faida huelea na kuondolewa. Zinki huzama, ikapelekwa kusagwa.

Kumbe uzito peke yake hauamui. Kitu kikiingia majini husukuma maji kando, na maji hukisukuma juu, kwa sababu hubana zaidi chini yake kuliko juu yake. Msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Archimedes wa Sirakuza alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Chukua bidoni la manjano la lita 20. Likiwa tupu lina kilo moja hivi. Ukilizamisha lote linahamisha kilo 20 za maji, kwa hiyo linapanda kwa nguvu ya kilo 19. Kizibo kikikazwa, aliyeanguka majini anaweza kulishikilia. Likijaa mawese bado litaelea, lakini kwa shida: lita ya mawese ina gramu 910 hivi. Likijaa maji halimfai mtu.

Sasa boti za Kasenga, Pweto na Kilwa ya Ziwa Mweru. Boti ya mita 10 kwa 2, kama ingekuwa sanduku, ingeshuka sentimita moja kwa kila kilo 200. Lakini zetu zimechongoka mbele na nyuma, hivyo kilo 140 zinatosha: watu wawili tu. Wakipanda 40, ukingo umeshuka sentimita 20, na magunia ya mahindi bado yako gatini. Mwenye boti atakuambia ziwa limetulia. Ni kweli, asubuhi.

Wimbi likiruka ukingo, maji yaliyoingia hayakai mahali pamoja. Boti ikiinama kidogo yote hukimbilia upande huo, abiria nao husimama kwa hofu, na inapinduka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama Ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku, Goma. Makumi ya watu walikufa wakiwa wanakaribia kushuka.

Kabla ya kulipa nauli, tazama ukingo ulivyo juu ya maji wakati mizigo yote imeshapakiwa. Kimo hicho kikiwa chini ya kiganja kilichonyooshwa, subiri boti nyingine. Dai jile, yaani jaketi la kuelea, ulivae na kulifunga ukiwa bado nchi kavu. Mtoto apewe la kipimo chake. La mtu mzima litamponyoka kichwani.