Jinsi Moyo na Mishipa Inavyolinda Shinikizo la Damu

Mtu aliyechutama akipalilia shamba, akiinuka ghafula, huenda akaona kizunguzungu na macho yake yakaingia giza. Baada ya kitambo kidogo hali hiyo hupita, naye hulishika jembe lake tena. Wengi hudhani kwamba ni jua tu. Lakini katika kitambo hicho moyo na mishipa ya damu vimefanya kazi ambayo yafaa kila mtu aijue.

Moyo ni pampu ya nyama yenye ukubwa wa ngumi. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na katika dakika hiyo husukuma damu kiasi cha lita 5. Yaani ungeweza kujaza debe la lita 20 kwa dakika 4. Nguvu ambayo damu hiyo husukumia kuta za mishipa ndiyo iitwayo shinikizo la damu, au presha. Mishipa midogo ina misuli katika kuta zake, hivyo yaweza kujibana au kulegea. Mtu akiubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, mpira hutuna nyuma ya kidole chake. Vivyo hivyo mishipa midogo ikijibana, shinikizo katika mishipa mikubwa hupanda.

Je, mwili hujuaje wakati wa kubana na wakati wa kulegeza? Shingoni, pande zote mbili, na katika mshipa mkuu utokao moyoni, mna ncha za mishipa ya fahamu zilizo kama walinzi. Kazi yao ni kuupasha ubongo habari jinsi kuta za mishipa zinavyovutika. Mtu anapoinuka, damu ipatayo nusu lita hushuka miguuni na tumboni, na shinikizo hupungua. Mara ubongo huuamuru moyo upige upesi zaidi na mishipa ijibane, na katika sekunde chache damu hufika kichwani kama kawaida. Shinikizo likizidi, amri huwa kinyume chake. Figo nazo husaidia polepole, kwa saa na siku, zikihifadhi maji na chumvi au kuvitoa katika mkojo.

Walakini walinzi hao wana udhaifu mmoja. Shinikizo likikaa juu kwa muda mrefu, hulizoea, wakalilinda kana kwamba ndilo la kawaida. Basi mgonjwa aweza kukaa miaka mingi bila maumivu, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiharibika, hata siku moja akapatwa na kiharusi.

Njia ya kujua ni kupima. Mwaka 1896 daktari Scipione Riva-Rocci wa Italia alieleza kifaa chake cha kufunga mkononi na kujazwa hewa. Mwaka 1905 daktari Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kuusikiliza mshipa wakati wa kupima. Namba ya juu huonyesha shinikizo wakati moyo unapojikaza, na ya chini wakati unapolegea. Kipimo cha 120 kwa 80 ni cha kawaida. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, katika vipimo vya siku mbalimbali, hilo ni shinikizo la juu.

Kwa hiyo kila mtu mzima na apimwe, apunguze chumvi na pombe, na aache tumbaku. Naye aliyepewa dawa asiziache pasipo shauri la daktari, kwa maana kujiona mzima si ushahidi wa kuwa mzima.