Usaili wa Kazi ya Ubunifu: Nenda na Rasimu Zako

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya ubunifu wa michoro, Dar es Salaam, nilikwenda na kazi ishirini na mbili kwenye laptopu. Mmoja wa wasaili, mama wa makamo, aliomba kitu kimoja tu: kipeperushi cha duka la dawa nilichokuwa nimekichapisha. Akakisogeza mbali na macho, akakileta karibu, akakisogeza tena.

"Mwanangu, saa za kufungua ziko wapi?"

Zilikuwepo, chini kabisa, rangi ya kijivu kwenye karatasi nyeupe, herufi za pointi 6. Akauliza kwa nini nilizifanya hivyo. Sikuwa na jibu, na kazi sikuipata.

Uzuri wa kazi zako wasaili wameshauona, ndiyo maana wamekuita. Wanachosubiri ni kusikia umefikaje pale. Chagua kazi tatu au nne, na kila moja uje na rasimu zake: karatasi uliyochorea kwa penseli, nembo ulizozikataa, toleo alilolirudisha mteja. Eleza mteja alikuwa na shida gani, nani angeitazama kazi, na akiwa wapi. Bango la barabarani husomwa na abiria wa daladala inayokwenda; ukisema ulipunguza maneno hadi saba kwa ajili yake, wasaili watakuelewa mara moja. Ukikwama kueleza mpangilio, tumia mfano wa kanga: ina pindo, ina mji, ina jina, na kila sehemu inajua kazi yake.

Kisha chapisha kazi kwa ukubwa wake halisi. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Buluu iliyong'aa kwenye skrini inaweza kutoka imefifia, na ni heri uione nyumbani kabla hujaulizwa. Jioni, mpe bibi au mzee yeyote asome.

Kazi mliyoifanya wengi, taja sehemu yako waziwazi.

Wakikupa kazi ya majaribio, uliza papo hapo inatakiwa ichukue saa ngapi na itatumika wapi. Niliwahi kutengenezeshwa nembo tatu kamili, bila malipo, kwa mteja halisi wa ofisi iliyonisaili. Iliniuma sana. Omba kufanya moja tu, kwa mteja wa kubuniwa, kisha uje uwaeleze ulivyofikiri. Ofisi inayoheshimu wabunifu haitakasirika.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Uliza maelezo ya mteja humfikia mbunifu kupitia kwa nani, na nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kazi. Halafu nyamaza, uangalie kama watatazamana kabla ya kujibu.