Ukifuta kwenye simu, na kompyuta ya nyumbani imefutika: somo lililonigharimu 142,000

Leo siongelei namna ya kuposti wala namna ya kumjibu mteja msumbufu. Leo ni mafaili yetu: picha za bidhaa, orodha ya bei, daftari la madeni, risiti za mzigo. Wengi tunasema "viko kwenye simu, viko na kwenye kompyuta, niko salama." Na mimi nilisema hivyohivyo.

Nianze kwa kusema mimi niliishia kidato cha nne, na kompyuta sijasomea popote. Haya nimejifunza kwa kubonyeza, kuharibu na kuuliza. Kwa hiyo usiogope, tunaenda taratibu.

Nauza viatu vya kike hapa Mwanjelwa, Mbeya. Dukani wateja ni wachache, wengi wananipata kwenye simu. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imetumika, na mdogo wangu wa kiume ndiye anayetengeneza matangazo na orodha ya bei. Mimi napiga picha dukani kwa simu, yeye anazikuta kwenye kompyuta nyumbani, kwa sababu simu na kompyuta zote zimeingia kwenye akaunti moja ya duka. Hakuna waya, hakuna fleshi. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka jana mwezi wa 11 nikapokea mzigo wa pea 60 kutoka Kariakoo, umekuja kwa basi. Kufungua, pea 9 mbovu: nyingine soli zimeachia, nyingine mguu mmoja namba 38 na mwingine 40. Nikapiga picha 31 na video moja ya kufungua mzigo. Nikampigia mama anayeniuzia kwa jumla, akanijibu vizuri tu: "Sawa mwanangu, tunza hizo picha na video, ukija kuchukua mzigo mwingine tutaziangalia."

Nikatunza. Wiki ya pili simu ikajaa. Ni simu ya GB 64, na mteja anataka picha mpya usiku huohuo. Nikamuuliza mdogo wangu, "Picha zote unaziona huko kwenye kompyuta?" Akasema, "Naziona zote dada." Basi nikafungua programu ya picha kwenye simu, nikachagua picha zaidi ya 800, nikafuta. Ukaja ujumbe wa onyo, nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Kuangalia, nafasi bado ndogo. Nikaingia kwenye pipa la taka nalo nikalimwaga lote.

Asubuhi simu inaita. "Dada, picha umezihamishia wapi? Huku sioni kitu."

Nilipofika Kariakoo sikuwa na picha hata moja. Yule mama hakunifokea. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikukatai. Ila na mimi viatu hivi nachukua kwa mwenye kontena, naye anataka kuona. Nitamwonyesha nini?" Pea 9 kwa 18,000 ni 162,000. Akanipunguzia 20,000 kwa huruma tu. Nikarudi Mbeya na hasara ya 142,000, na hakuna wa kumlaumu zaidi ya mimi mwenyewe.

Kosa lilikuwa wapi?

Nilidhani nina picha mbili: moja kwenye simu, moja kwenye kompyuta. Kumbe picha ilikuwa moja, iko kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kompyuta ilikuwa inaitazama tu. Ni kama stoo moja yenye madirisha mawili. Ukitoa gunia ndani, aliyesimama dirisha lolote haoni gunia.

Kazi hii inaitwa kusawazisha. Maana yake vifaa vyote vifanane: ukiongeza huku, inaongezeka kule, na ukifuta huku, inafutika kule. Ni kitu kizuri sana kwa kufanya kazi. Ila kusawazisha si kutunza akiba. Hilo ndilo somo lote la leo, mengine ni namna ya kulifanyia kazi.

1. Jua unafuta wapi

Kwenye Google Photos, picha ambayo tayari imepanda mtandaoni, ukiifuta ndani ya programu hiyo inatoka kwenye simu, inatoka mtandaoni, na kompyuta nayo haiioni tena.

Kama shida yako ni simu kujaa, usifute picha mojamoja. Bonyeza picha ya akaunti yako juu kulia, utaona sehemu ya kupunguza mzigo kwenye kifaa. Hiyo inaondoa kwenye simu zile tu ambazo zimeshapanda, na mtandaoni zinabaki. Ningejua hili usiku ule, 142,000 yangu ningekuwa nayo.

2. Pipa la taka ni rafiki, usilimwage kwa hasira

Ukifuta kwa bahati mbaya, tulia. Kwenye Google Drive faili lililofutwa linakaa kwenye pipa siku 30. Kwenye Google Photos picha iliyokuwa imeshapanda inakaa siku 60, na ambayo haikupanda siku 30. Ndani ya muda huo unaingia, unaichagua, unairudisha. Ukilimwaga mwenyewe kama mimi, usitegemee kuipata tena.

3. Orodha na risiti ziweke Google Drive, kwa folda

Picha za kawaida ziache kwenye Photos. Vitu vya ushahidi na vya hesabu vipeleke Drive. Mimi nina folda tatu: BIDHAA, HESABU na MZIGO. Ndani ya MZIGO kila mzigo una folda yake yenye tarehe, na humo naweka risiti, picha za kufungua na video. Mzigo ukifika, kabla ya kupanga viatu kwenye rafu, napakia kwanza.

Orodha ya bei nimeiwekea alama ya kupatikana bila intaneti, kwa hiyo hata mtandao ukisumbua sokoni naifungua kwenye simu.

4. Kwenye kompyuta, chagua unavyotaka

Unaweza kufungua Drive kwa kivinjari tu, inatosha kabisa. Ukitaka ionekane kama folda ya kawaida, ipo programu ya Drive ya kompyuta. Inakupa njia mbili. Ya kwanza, mafaili yanabaki mtandaoni na unayaita unapoyahitaji. Inafaa kompyuta yenye diski ndogo. Ya pili, mafaili yanakaa mtandaoni na kwenye kompyuta pia. Unafanya kazi hata bando likiisha, ila yanakula nafasi.

Angalia hapa: njia zote mbili zinasawazisha. Ukifuta kwenye folda ile ya kompyuta, na mtandaoni imefutika.

5. Weka nakala isiyofungwa na kitu chochote

Wapiga picha wana kanuni ya 3-2-1, aliyoieneza Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja ikae mbali na zile nyingine. Sisi wa mtaji mdogo tunaiweza hivi. Ya kwanza iko mtandaoni, na hiyo ndiyo iliyo mbali na nyumbani. Ya pili, kila Jumapili mdogo wangu anapakua folda za HESABU na MZIGO na kuziweka kwenye folda ya kawaida ya kompyuta, nje ya ile inayosawazishwa. Ya tatu, anazinakili kwenye fleshi, halafu anaichomoa na kumpa mama aiweke kabatini. Fleshi iliyochomoka haiwezi kufutwa na kidole changu cha usiku.

6. Nani mwenye faili?

Wengi wetu tunafanya kazi na mtu: mdogo wako, rafiki, kijana wa dukani. Kwenye akaunti za kawaida za Drive, faili ni la yule aliyelipakia, hata kama amelipakia kwenye folda yako. Siku mkikosana akalifuta, limeondoka. Kwa hiyo mafaili ya duka yapakiwe kwa akaunti ya duka, na nenosiri lijulikane na mwenye duka.

Ukimpa mteja kiungo, mpe cha folda ya BIDHAA tu, na kiwe cha kutazama, si cha kuhariri. Folda ya HESABU usiifungue kwa kila mwenye kiungo. Humo kuna majina na madeni ya watu, na deni la mteja ni siri yako na yake.

Ukienda kuprinti steshenari, usiingie kwenye akaunti yako kisha ukaondoka. Toka kwenye akaunti kabla hujalipa.

7. Bando na nafasi

Najua wapo wanaosema, "Dada, bando langu litaisha." Kweli. Picha moja ya simu inaweza kuwa MB 3 hadi 5, kwa hiyo picha 50 ni kama MB 150 hadi 250. Ingia kwenye mipangilio ya Photos, zima kupandisha kwa data ya simu, ziwe zinapanda ukiwa kwenye waifai tu. Ila kumbuka: picha ambayo haijapanda bado iko kwenye simu peke yake. Zile za mzigo mbovu mimi sisubiri waifai, natumia bando. MB 200 ni hela ndogo kuliko pea moja ya viatu.

Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, lakini ni ya pamoja: Drive, Photos, barua pepe, na nakala ya WhatsApp kwa wa Android. Ikijaa, hupakii kitu na hata barua pepe haziingii. Video ndefu ndizo zinazokula sana, anza nazo.

Na usiifanye WhatsApp kuwa stoo. Picha ikipita humo kwa kawaida inapunguzwa ubora. Ukilazimika, itume kama faili la hati, itafika kama ilivyo.

Kazi ya leo

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Piga picha ya ufagio. Subiri ipande, ifungue kwenye kompyuta. Halafu ifute ndani ya Photos kwenye simu, rudi kwenye kompyuta uangalie. Itakuwa haipo. Nenda kwenye pipa, irudishe. Ni dakika tano, na ufagio hauna hasara.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipokea mzigo mwingine, pea 4 zikawa na kasoro. Kabla sijamaliza kuzitenga, picha zilishakuwa kwenye folda, na yule mama nikamtumia kiungo. Akanipigia kesho yake: "Nimeziona mwanangu, nakuletea nyingine kwenye basi la Ijumaa." Zilikuja.

Kama una mwenzako ambaye simu inamwambia nafasi imejaa, mtumie somo hili kabla hajaanza kufuta. Na wewe uliyewahi kupoteza picha au hesabu, tuambie hapo chini ilikuwaje, wengine wajifunze. Biashara njema.