Kariakoo: chini kuna fedha kuliko juu

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38. Kariakoo haina pa kutanukia ila juu, na nyumba za Kiswahili zinapisha maghorofa. Mara nyingi mwenye nyumba huingia ubia: yeye kiwanja, mwekezaji fedha, kisha wanagawana jengo. Kosa ni kuhesabu idadi ya vyumba tu. Fremu moja ya chini inayotazama mtaa yaweza kuingiza kodi kubwa kuliko nyumba nzima ya ghorofa ya sita, hasa lifti ikiwa mbovu. Mgawanyo, hati za sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008, na pango la familia wakati wa ujenzi, vyote viandikwe kabla ya kubomoa. Vibali navyo vikaguliwe: ghorofa lililoporomoka hapo Kariakoo Novemba 16, 2024 lilifukia wafanyabiashara pamoja na mali zao.