Kupima na Kuwasha Kipokezi cha Kale cha Telegrafu: Mwongozo kwa Mafundi wa Uvira

Mwongozo huu ni wa mafundi redio na umeme wa Uvira, Kalundu na Kavimvira watakaoletewa kipokezi cha telegrafu, kiwe kimetoka shule ya ufundi au kabati la parokia. Telegrafu si ngeni kando ya ziwa letu: waya wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo, ulifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20 ukakomea hapo.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kazi ya chombo. Umeme uliosafiri mamia ya kilomita ulifika umechoka: sehemu imepotea kwenye ukinzani wa waya, na nguzo zikilowa sehemu nyingine imevujia ardhini. Kwa hiyo uliingizwa kwanza kwenye rilei, yenye koili ya waya mwembamba wa mizunguko mingi. Koili ikigeuka sumaku huvuta kipande chepesi cha chuma laini, ncha mbili zinagusana, na betri ya pale pale stesheni ndiyo inayokipa nguvu kigongeo, yaani chombo chenye mkono unaogonga chini na kuinuka. Karani alisikiliza muda kati ya mlio wa mkono kushuka na mlio wa kupanda: mfupi ni nukta, mrefu ni mstari.

Anza na multimeta. Kigongeo cha betri ya stesheni kwa kawaida huwa na ohm 4 hadi 20; rilei mara nyingi ni 150 au zaidi. Usikiunganishe kigongeo moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12. Kwa ohm 4 zitapita ampea 3, yaani wati 36, na hariri iliyofunika waya itaungua. Betri kavu moja ya volti 1.5 yatosha.

Kisha springi inayouinua mkono wa kigongeo, na hapa usiwe na haraka. Ilegeze mpaka mkono ung'ang'anie chini hata umeme ukikatwa, halafu ikaze kidogo kidogo hadi uinuke papo hapo. Makarani wa zamani walirudia marekebisho kama haya kwenye rilei kila hali ya hewa ilipobadilika, kwani mvua ilibadilisha umeme wa waya.

Ncha za mguso zisipigwe msasa. Nyingi ni za platini. Pitisha karatasi safi katikati yake, basi.

Ukivuta waya wa kufanyia mazoezi, ubaki ndani ya nyumba. Stesheni za zamani zilikuwa na kizuia radi; meza yako haina.