Popo na Maua Yanayofunguka Usiku

Msomaji anayekaa Parklands au Kangemi, au anayepita asubuhi katika bustani ya miti ya serikali iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1907, yamkini amepata kuona mti mkubwa ambao chini yake yametapakaa maua mazito yenye rangi ya damu ya mzee, kila ua likitosha kuujaza mkono wa mtu mzima. Kwa Kiswahili mti huo huitwa mwegea, na wengine husema mvungunya. Wakikuyu huuita muratina, na Waluo yago. Matunda yake hayajifichi. Huning'inia kwa kamba ndefu mfano wa mihogo minene, na moja huweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa, hata mwenye gari aliyelisimamisha chini yake kwa ajili ya kivuli hujutia kivuli hicho. Wazee wa Kikuyu walilijua tunda hili vizuri kuliko sisi, kwa kuwa ndilo lililochachusha pombe ya asali iliyochukua jina la mti wenyewe.

Lakini tunda halipatikani bila ua kuzalishwa, na hapo ndipo penye swali letu la leo. Ukisimama mchana kutwa chini ya mwegea hutaona nyuki wengi wakishughulika nao, wala vipepeo. Maua yaliyofunguka jana yameanguka. Ya leo bado yamefumba. Ni nani basi aliyeifanya kazi? Waulize walinzi wa usiku, maana hao hukesha mtaa unapolala, nao watakuambia kwamba baada ya magharibi huja wanyama wenye mabawa, wakubwa kuliko popo wa darini, wakazunguka mti, wakagusa ua kwa muda mfupi tu, wakaondoka.

Kwanza tukumbuke kazi ya ua. Ndani yake mna unga uitwao chavua, na unga huo hauna budi kufika katika sehemu ya kike ya ua la namna ile ile ili mbegu ipate kutunga. Miti mingine, na mwegea ni mmojawapo, haizai kwa chavua yake yenyewe. Yahitaji chavua ya mti mwingine. Na kwa kuwa mti hauwezi kutembea, yaupasa kumtuma mjumbe. Ujira wa mjumbe ni mbochi, yaani maji matamu yaliyo chini kabisa ya ua, na kwa kuyafuata hayo mjumbe hujipaka chavua kichwani na kifuani bila kujua kwamba ametumwa.

Rangi ya ua ni kama ubao wa dukani: humwambia mteja kwamba humu mna bidhaa. Kila ubao hata hivyo huandikwa kwa lugha ya mteja wake. Nyuki huona vema rangi ya samawati na ya manjano, tena huona na mwanga ambao macho yetu hayauoni kabisa, lakini wekundu hauoni kama tuuonavyo sisi. Ndege aitwaye chozi huuona wekundu vizuri sana. Ndiyo sababu muhuti wa Wakikuyu, na kifabakazi ambao Wazungu huuita mwali wa Nandi, hufungua maua mekundu kama moto mchana kweupe. Maua hayo hayatoi harufu ya kutajika, kwa kuwa ndege hafuati harufu.

Usiku mambo hubadilika. Msomaji anaweza kujihakikishia mwenyewe bila chombo chochote. Usiku wa mbalamwezi, mahali pasipo taa za barabarani (jambo gumu kidogo siku hizi katika Westlands, ambako maghorofa huwaka hadi alfajiri), tundika kambani kitambaa chekundu, cha kijani na cheupe, kisha rudi nyuma hatua ishirini. Cheupe utakiona. Cha kijani kitakuwa kijivu, na chekundu kitakuwa cheusi kama masizi. Macho hayakuharibika: sehemu ya jicho ipambanuayo rangi huhitaji mwanga mwingi, na sehemu ifanyayo kazi gizani hupambanua weupe na weusi tu. Mti unaomngoja mteja wa usiku haupati faida kwa kujipamba wekundu.

Sasa tumtazame mteja mwenyewe. Watu wengi husema popo ni kipofu, na hilo si kweli. Popo wa nchi yetu twaweza kuwagawa mafungu mawili. Wako wadogo walao mbu na nondo, ambao hupiga sauti kali isiyosikika na sikio la binadamu, wakajua kwa mwangwi wake kitu kilicho mbele yao. Na wako wakubwa walao matunda na kunywa mbochi, wenye uso mrefu kama wa mbweha na macho makubwa. Hawa, isipokuwa wale wa mapangoni waitwao Rousettus ambao hualika ulimi, hawana ufundi wa mwangwi. Hutegemea macho na pua. Nairobi yuko mmoja aitwaye na wataalamu Epomophorus wahlbergi. Ana madoa meupe chini ya masikio, na dume huwa na vishungi vya nywele nyeupe mabegani, ambavyo huvitokeza anapomwita jike. Sauti yake usiku ni mlio mmoja unaorudiwarudiwa kwa kipimo, na wageni wengi mjini wameudhani kuwa ni mlio wa chura au wa chombo kibovu.

Macho ya popo hawa ni hodari katika giza, ila kwa rangi ni maskini. Kwa hiyo maua yawahitajiyo huwa meupe, au rangi ya maziwa, au kijani iliyofifia, au hudhurungi. Tena yapo mambo mengine ya kuyatambulisha. Hufunguka jioni, ni mapana na magumu, yapate kustahimili uzito wa mnyama, hujitenga na majani, ili mabawa yasikwame, na harufu yake si tamu. Asumini nayo ni nyeupe na hunukia usiku, lakini hiyo humwita nondo, ambaye apenda manukato. Popo huja kwa harufu ya uchachu na uvundo, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni mbuyu, ambao msomaji wa Nairobi ataukuta akishuka Kibwezi na kuendelea hadi Kilifi. Ua lake ni jeupe, huning'inia kichwa chini kwa kikonyo kirefu, nalo hufunguka jua linapotua. Katikati lina nyuzi za chavua mamia kwa mamia zilizokusanyika kama brashi ya kunyolea ndevu. Kesho yake weupe umekwisha kuwa kahawia, na ua huanguka. Ua lina usiku mmoja tu wa kupata bahati yake.

Wenyeji wa pwani na wataalamu wamebishana juu ya mgeni wa mbuyu. Mwaka 1965 M. J. Coe, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, pamoja na F. M. Isaac, waliandika katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki kwamba komba nao huyaendea maua ya mbuyu na kuchukua chavua. Mwaka 1972 A. N. Start akaandika katika jarida lilo hilo juu ya popo Rousettus akiifanya kazi hiyo. Kwa maoni yangu hapana ugomvi hapo. Komba hupanda mti mmoja akashinda humo. Popo huruka kutoka mbuyu hadi mbuyu kwa mwendo mrefu, na mbuyu pia hauzai vema kwa chavua yake. Watoto wanunuao mabuyu yenye sukari na rangi nyekundu dukani wanakula, kwa sehemu kubwa, jasho la popo.

Turudi kwa mwegea, maana msomaji makini ameshika neno. Tumesema popo hufuata weupe. Mbona basi ua la mwegea ni rangi ya damu ya mzee, ambayo usiku ni nyeusi? Jibu ni kwamba rangi hiyo haimwiti popo. Kinachomwita ni harufu, na kinachomsaidia kufika ni ile kamba ndefu inayolitoa ua nje ya majani mpaka mahali peupe hewani, ambapo hata asiyeona rangi hawezi kulikosa. Popo hushika ukingo wa ua kwa kucha zake na kuingiza kichwa chote. Huu ni mfano mzuri wa kutuonya tusiikariri kanuni ya rangi kama wimbo.

Katika Marekani ya kusini na ya kati wako popo wadogo wanywao mbochi ambao wana ule ufundi wa mwangwi, na huko mimea imeandika ubao wake kwa sauti badala ya rangi. Mwaka 1999 wataalamu walieleza ua la mmea wa jamii ya upupu ambalo kipande chake kimoja kimebonyea kama kioo, likarudisha sauti ya popo kwake wazi kabisa. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba mmoja wa popo hao, Glossophaga soricina, hapambanui rangi, na bado huona ule mwanga tusiouona sisi. Hata katani ya Thika na Tanga ina asili huko Mexico, ambako jamaa zake huzalishwa na popo. Miche iliyofika hai Tanganyika mwaka 1893 kwa juhudi ya Dakta Hindorf ilikuwa 62 tu, na mashamba yetu hupandwa kwa vitoto vinavyoota juu ya mlingoti wake, bila kungoja mbegu.

Sasa neno juu ya hasara. Katika mitaa yetu watu huwafukuza popo kwa moshi na mawe, wakiogopa uchawi au maradhi. Uchawi tuuache. Hofu ya maradhi ina msingi: mwaka 1980 na 1987 watu wawili walishikwa na ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia pango la Kitum, Mlima Elgon, na baadaye vijidudu vyake vilipatikana katika popo Rousettus huko Uganda. Kwa hiyo usiingie mapango yao, usimshike popo hata akiwa ameanguka, na usile tunda lenye alama za meno yake. Kuwatazama kutoka chini ya mti hakudhuru. Kuwaua kwa kuwaogopa hudhuru, kwa sababu mwegea uliobaki peke yake kati ya majumba mawili hauna mjumbe mwingine wa kuuletea chavua kutoka mti wa mtaa wa pili. Utachanua kila msimu na kuangusha maua yake yote, na wenye nyumba watasema umezeeka.

Anayetaka kuona mwenyewe na achague mwegea wenye machipukizi, akae kimya tangu saa kumi na mbili na nusu jioni, na taa yake aifunike kwa karatasi nyekundu, ambayo haiwasumbui sana popo. Alfajiri aokote maua yaliyoanguka na kuyageuza. Penye ukingo ataona mikwaruzo myembamba, miwili au mitatu sambamba. Hizo ni kucha za mjumbe wa jana usiku.