Fedha za mahindi zifike Januari

Mahindi yameshapukuchuliwa, baridi ya Julai imeanza kulegea, na kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) magari yanasubiri zamu ya mizani. Huu ndio wakati wa mwaka ambao mkulima wa Songea hushika fedha nyingi kwa mkupuo. Zikishaingia, zitatakiwa kumfikisha hadi mavuno mengine, na njiani kuna sehemu mbili zenye mteremko mkali. Ya kwanza ni Novemba, mvua zikikaribia, anapotakiwa kununua mbegu na mbolea ya kupandia. Ya pili ni Januari, pale mbolea ya kukuzia, vibarua wa palizi na madaftari ya watoto vinapobisha hodi wiki moja.

Kwa kawaida msimu kama huu ningeandika juu ya dumuzi na mifuko ya kuhifadhia nafaka. Safari hii naliacha ghala kidogo nizungumzie benki, kwa sababu kila ninapokutana na wakulima swali ni lilelile: mtaalamu, benki gani ina riba kubwa? Swali zuri, lakini kuna swali linalolitangulia, nalo ni hili: fedha yenyewe utaihitaji mwezi gani? Ukishalijibu hilo, nusu ya akaunti utakazoonyeshwa zitajiondoa zenyewe.

Tuone kwanza hali ilivyo. Kwa takwimu za Benki Kuu za miaka ya 2024 na 2025, akaunti ya akiba ya kawaida ililipa kwa wastani karibu asilimia 3 kwa mwaka. Amana za muda maalumu, hizi tunazoziita fiksi, zililipa karibu asilimia 8. Wenye fedha nyingi wanaokaa na meneja na kupatana walipata zaidi, kwenye asilimia 10 hivi. Mikopo kwa upande wake ilitozwa karibu asilimia 15. Mfumuko wa bei ulikuwa juu kidogo ya asilimia 3. Na riba yako ikishapatikana, benki inakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA kabla hujaiona. Kwa hiyo asilimia 3 inakufikia ikiwa 2.7, chini ya kasi ya kupanda kwa bei. Asiwepo mtu wa kukudanganya kwamba akaunti ya akiba ya kawaida itakutajirisha. Kazi yake ni kuitenga fedha ya shamba isichanganyike na ya sukari.

Sasa tuiweke hesabu kwenye gunia. Chukua mkulima aliyeuza magunia 60 ya kilo 100, na kwa mfano wetu tu bei iwe shilingi 700 kwa kilo. Ana shilingi 4,200,000. Ametoa 1,200,000 ya kulipa madeni, kuezeka upande mmoja wa nyumba na kula. Zimebaki milioni 3, nusu ni za Novemba na nusu ni za Januari.

Ile milioni 1.5 ya Novemba akiiacha kwenye akiba ya asilimia 3 kwa miezi mitatu, riba ni 11,250. Ikikatwa kodi anabaki na 10,125. Akiiweka fiksi ya asilimia 7 kwa muda huohuo, riba ni 26,250. Baada ya kodi 23,625. Tofauti ni shilingi 13,500. Si haba, lakini pima na nauli ya kutoka Matimira au Muhukuru kwenda mjini na kurudi, mara mbili. Kama ile akaunti ya akiba ina makato ya mwezi ya shilingi 1,500, miezi mitatu imekula 4,500, karibu nusu ya riba yote. Ndiyo maana nasema karatasi ya tozo isomwe kabla ya tangazo la riba. Makato ya mwezi, gharama ya kutoa dirishani, gharama ya kutoa kwa wakala, ya kuhamishia kwenye simu, ya kupata taarifa ya akaunti: kwa mtu mwenye salio dogo hizi ndizo zinazoamua, na riba inafuata nyuma.

Kwenye fiksi kuna mtego wa kalenda ambao sijaona tangazo likiutaja. Vipindi vyake kwa kawaida ni mwezi 1, miezi 3, 6 au 12. Ukiweka katikati ya Agosti kwa miezi 3, inaiva katikati ya Novemba, sawasawa na mbegu. Ukiweka kwa miezi 6 ukiipigia hesabu Januari, itaiva katikati ya Februari, mahindi yameshapitwa na wakati wa kukuziwa. Ukiivunja kabla, benki nyingi hukunyima riba yote au sehemu yake kubwa. Mbaya zaidi ni ile fiksi inayojirudia yenyewe. Usipoandika mapema kwamba ikiiva ihamishiwe kwenye akaunti yako ya kawaida, siku ya kuiva inaingia tena raundi nyingine ya miezi mitatu, nawe unaigundua ukiwa umesimama kwenye duka la pembejeo. Fomu ina sehemu ya maelekezo ya kuiva. Ijaze hapohapo, usiondoke dirishani sehemu hiyo ikiwa tupu.

Kwa fedha ya Januari njia ninayoipenda ni mbili. Anayemaliza kuuza mapema Oktoba aweke fiksi ya miezi mitatu wakati huo, itamkuta mwanzoni mwa Januari. Anayeshika fedha sasa atafute akaunti ya akiba yenye masharti ya kutoa, zile zinazoruhusu kutoa mara moja kwa robo mwaka na zinazolipa zaidi kidogo ya akiba ya kawaida. Aulize robo mwaka yao inaanza mwezi gani. Ikiisha Desemba 31, riba inaingia kisha anatoa Januari bila kupoteza kitu. Akitoa Desemba 20 kwa sababu ya Krismasi, mara nyingi riba ya robo nzima imekwenda.

Jambo jingine ni namna riba inavyohesabiwa. Nilikuwa benki moja hapa mjini nikasikia mama mmoja wa makamo akimhoji kijana wa dirishani. "Mwanangu, hii riba mnaihesabu kwa salio la kila siku au kwa salio dogo la mwezi?" Kijana akasema, "Shikamoo mama, ngoja nimuulize mkubwa wangu." Akaingia ndani, akarudi na jibu: salio dogo la mwezi. Mama akachukua bahasha yake. "Basi leo tarehe 6. Mwezi huu sina changu. Nitakuja kuweka mwisho wa mwezi." Yule mama ameelewa kitu ambacho wenye digrii hupita juu yake. Kama benki inatazama salio la chini kabisa la mwezi, ukiweka milioni mbili tarehe 6 kwenye akaunti iliyokuwa na elfu kumi, mwezi huo unalipwa riba ya elfu kumi. Na ukitoa zote tarehe 28, siku 27 ulizovumilia hazihesabiwi. Mimi ningemwambia tu asiende kulala na bahasha ile ndani ya nyumba: aiache benki, kukosa riba ya mwezi mmoja si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Uliza pia kima cha chini cha kupata riba. Zipo akaunti zinazotangaza asilimia nzuri kumbe inaanzia salio la laki tano au milioni, na chini ya hapo ni sifuri. Na uliza akaunti ikikaa bila kuguswa kwa muda gani inahesabiwa imelala, kwa sababu kuiamsha kunataka kitambulisho, barua na safari.

Wengi wetu akaunti tulizonazo hatukuzichagua. Tulifunguliwa ili malipo ya NFRA au ya chama cha msingi yapite. Hiyo ni akaunti ya kupokelea, mara nyingi haina riba kabisa. Hakuna ubaya kuwa nayo, ubaya ni kuiacha fedha ya Januari humo pamoja na kadi ya ATM mfukoni. NMB, CRDB, NBC na TCB kila moja ina aina kadhaa za akaunti, na tofauti kati ya akaunti mbili za benki moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya benki na benki. Kwa hiyo kabla ya kuhama, uliza ndani ya benki uliyomo. Kwa wasiotaka riba kwa imani yao, NBC ina La Riba na CRDB ina Al Barakah. Huko maswali yangu ya makato na masharti ya kutoa yanabaki vilevile.

Nije kwenye usalama, na hapa Ruvuma hatuhitaji mfano wa mbali. Mei 12, 2017 Benki Kuu ilifuta leseni ya Mbinga Community Bank kwa upungufu mkubwa wa ukwasi na mtaji. Benki yetu wenyewe, jirani yetu wa kilomita zipatazo 100, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wa kahawa na mahindi. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo kinga ya bima ilikuwa mwisho shilingi milioni 1.5 kwa mwenye amana. Aliyekuwa na chini ya hapo alilindwa. Aliyezidi, ziada yake ikabaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Mwezi uliofuata, Juni 2017, serikali ikazuia mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei ikaanguka. Kwa mwenye fedha benki na mahindi ghalani, mwaka ule ulimpiga pande zote mbili. Januari 2018 Benki Kuu ikafunga benki nyingine tano ndogo, ikiwamo ya wananchi wa Njombe.

Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa hadi milioni 7.5. Kwa mkulima wetu mwenye milioni 3 hilo linatosha na kubaki, hata benki iwe ndogo. Mwenye milioni 12 za kahawa azigawe kwenye benki mbili. Lakini bima hii ni ya benki na taasisi za fedha zilizo wanachama wa bodi. SACCOS na VICOBA hazimo. Sisemi mzikimbie, mimi mwenyewe ni mpenzi wa vikundi; nasema kikundi kinachokuahidi asilimia 20 kwa mwaka kinapaswa kukuonyesha kinamkopesha nani, kwa dhamana gani, na nani anashika funguo za kasha. Vikundi vyenye fedha za kutosha vinaweza pia kwenda benki kama kikundi na kupatana riba ya fiksi kama wanavyofanya wakubwa. Wakumbuke tu kwamba akaunti ya kikundi yenye milioni 30 nayo kinga yake ni ileile 7.5.

Kuna watakaosema: asilimia 3, asilimia 7, yote ya nini? Bora nibaki na mahindi ghalani nisubiri bei. Kwa miaka mingine wako sahihi, na mwenye ghala kavu na mifuko mizuri abakishe sehemu. Lakini 2017 ituambie kwamba bei ya Januari haina mkataba na mtu, na dumuzi hasubiri tangazo la soko.

Mimi natazama riba nyingine kabisa. Januari kijijini kuna mtu anayekopesha shilingi 40,000 ili alipwe gunia mwezi wa saba. Kwa bei yetu ya mfano gunia hilo ni shilingi 70,000. Umelipa 30,000 juu ya 40,000 kwa miezi sita, asilimia 75, na hapo sijaweka lumbesa. Wenzetu wa Tunduru wanayajua haya kwenye korosho kwa jina la kangomba. Hakuna benki ya Songea itakayokulipa asilimia 75, lakini akaunti yoyote, hata ya asilimia sifuri, itakuokoa nayo ikiwa fedha ya mbolea na palizi bado imo siku unayoihitaji. Kwa kipimo hicho fiksi ya Novemba na akiba yenye masharti ya Januari ni bora kuliko akaunti yenye riba nono uliyoimaliza Oktoba.

Na kama hesabu bado haifiki, mkopo wa benki wa kilimo ni nafuu kuliko gunia la shambani. Mwaka 2021 Benki Kuu ilifungua dirisha la kuzipa benki fedha za bei nafuu kwa sharti kwamba mkulima asitozwe zaidi ya asilimia 10. Benki inayokukopesha hutaka kuona mzunguko kwenye akaunti yako, na mzunguko huo unaujenga sasa, msimu fedha inapoingia.

Kwa hiyo wiki hii andika kwenye karatasi kiasi cha Novemba na kiasi cha Januari, kisha uende dirishani na maswali haya: makato kwa mwezi, namna ya kuhesabu riba, kima cha chini, adhabu ya kutoa mapema, na fiksi ikiiva inakwenda wapi. Omba majibu kwa maandishi, ni haki yako. Beba kitambulisho cha NIDA na namba ya simu unayoitumia kweli. Nenda katikati ya mwezi na mapema asubuhi. Mwisho wa mwezi foleni ni ya watumishi na hakuna atakayekuwa na muda wa kukujibu.